Miche Niliyoionea Huruma

Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Pili
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi wazima, ila Kibonge anaota meno na usingizi umetuhama. Nakuandikia yeye akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Mama Mdogo, nina hofu.

Unajua kazi yangu ni kumwagilia miche kwenye banda la vioo la watafiti. Daktari wetu wa mimea alishanieleza kwamba kila jeni ina kama swichi mbele yake, wao huiita promota. Mmea ukishikwa na kiu, swichi ya kiu hujiwasha, na jeni iliyo nyuma yake huanza kuuokoa. Yeye ameiunganisha swichi hiyo na jeni ya rangi. Mche wenye kiu, ukichovya jani lake kwenye dawa, linageuka buluu. Miaka minne anaitafuta buluu hiyo.

Trei tatu za mwisho zilibandikwa karatasi nyekundu: zisipewe maji siku kumi. Siku ya sita nikazikuta zimeinamisha vichwa kama watoto wenye homa. Nikashindwa. Nikazipa maji kidogo kwa kikombe, na kesho yake tena, hadi mwisho. Fundi bomba alinikuta akacheka, "Wewe dada, unamwagilia au unanyonyesha?" Nikamwambia ashughulike na mabomba yake.

Ijumaa wakakata majani, wakayachovya. Hakuna hata moja lililogeuka buluu. Daktari hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema, "Basi swichi yangu haifanyi kazi." Kesho mchana miche yote na mbegu zake vinakwenda tanurini.

Na swichi yake haina kosa. Haikuwaka kwa sababu kiu haikuwepo tena. Anayejua ni mimi peke yangu.

Nikisema, huenda nikafukuzwa, na Kibonge hana mwingine wa kumlisha. Nikinyamaza, miaka minne ya mtu inageuka majivu, nami nitakuwa namwamkia kila asubuhi nikimtazama usoni.

Wewe ndiye uliyenilea ukiniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Basi nimepanga hivi: sanduku la posta liko mbele ya lango letu la kazini. Kesho asubuhi nitaitumbukiza barua hii kwanza, ndipo niingie. Nafsi yangu siiamini, inaweza kunigeuka mlangoni. Lakini wewe sijawahi kukudanganya.

Nisalimie Babu na redio yake, na dada mshonaji, mwambie gauni la mtoto limeshambana. Mungu akutie nguvu magotini, nami anitie ulimini.

Ukiisoma hii, ujue nimeshamwambia.

Mwanao akupendaye,
Mama Kibonge