Libwe yenye nilisema haiko

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa na Inspekta Mputu, kituo cha polisi, Kamina, tarehe 17/08/2024, kuanzia saa nane na nusu mchana.

Jina: Kabwe Mwila Anselme
Umri: miaka 78 (yeye anasema 80)
Kazi: fundi wa radio na saa, zamani msaidizi wa fundi umeme ku base ya jeshi ya Kamina
Makao: komini ya Sobongo

Minyi Kabwe Anselme nimekuya mwenyewe, hakuna muntu alinikamata. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu ya primaire, lakini hakuna radio mu Kamina yenye ilikufa mu mikono yangu. Uliza bantu. Saa zote nitataja ni za saa yangu ya mukono. Niko nayo miaka makumi tatu na moja, haijanidanganya.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nane, saa tatu na dakika kumi ya asubui, Mama Francine, jirani yangu, bibi ya askari, alikuya kwangu. Alikuwa anachimba udongo ya matofali nyuma ya nyumba, jembe ikagonga chuma. Aliifunga mu kitenge sawa mutoto. Nilifungua. Ilikuwa kichwa ya roketi ya zamani, kutu kila mahali, pua yake ya aluminium. Alitaka Nahum, mwenye kuyeyusha aluminium, amufanyie nayo sufuria ya kupikia bukari, ugali yetu. Lakini bwana yake alimukatazaka kugusa vyuma ya udongo ile, kwa hiyo aliileta kwangu kwanza. Andika hiyo, Inspekta. Kwangu kwanza.

Aliuliza kama inaweza kupasuka. Nilimuambia anauliza muntu mwenye alitumika ku base miaka tisa mbele yeye azaliwe. Roketi ya namna ile, moto yake inatoka ku umeme. Hiyo nilijua. Na umeme inatoka ku libwe. Kwetu pile, betri ya radio, tunaita libwe, jina moja na libwe ya njiani, jiwe. Niligeuza kile kintu, nikakitikisa ku sikio. Hakukuwa nafasi ya pile. Nilisema: "Haina libwe. Ni maiti."

Akauliza tena. Nilimuchekelea, nikasema kama bibi ya askari anaogopa chuma, mu nyumba yao nani anamulinda mwenzake.

Tulienda wote kwa Nahum, sababu nilitaka asikie kwa kinywa yangu. Nahum alicheka, akasema kama Kambo Anselme, babu ya bafundi, amesema haina libwe, hata Monseigneur askofu hawezi kuitia libwe. Lakini alipoinua nyundo avunje ile pua, aliniangalia.

"Kambo, nipige?"

"Piga."

Hiyo neno ni yangu.  Mama Francine alikuwa ameziba masikio.

Ilikuwa saa ine kasoro dakika nane. Sikusikia sauti. Niliona sufuria zote zinatembea chini peke yao. Nahum alikuwa ameikaa, uso nyeusi, anatafuta mu makala ya moto. Aliniuliza nyundo imeanguka wapi. Mukono yake ya kuume ilikuwa imeenda na nyundo, na yeye alikuwa hajajua. 

Balimupeleka hospitali. Bantu ya avenue yetu bakaanza kusema Mama Francine alileta bombe ya bwana yake kumuua Nahum. Jioni ile mulimufunga. Nilikuwa ku mulango yangu, niliona anapita. Nilinyamaza siku tatu.

Leo saa tatu ya asubui, sergent Exaucée, mwanamke wa kutegua mabomu, alikuya kuchungulia kiwanja ya Nahum. Umri yake ni ya bajukuu yangu. Nilimuambia haiwezekani, ile kintu haikuwa na libwe. Hakubishana. Alibomoa briquet, kiberiti ya gesi ya kuwasha sigara, akatoa kintu sawa kijiti, akaniwekea ku kidole, akakandamiza. Tak. Umeme ikaniuma mpaka ku kiwiko.

"Kambo, pile iko wapi?"

Nilitafuta. Hakuna.

Alisema mule ndani muko libwe ya udongo, balichoma mu tanuru sawa tofali. Ukiipiga inazaa umeme yenyewe. Mu pua ya roketi njo iko. Na kama maji haingeozesha baruti, hakuna mwenye angebaki ya kutuzika. Kisha akaangalia saa yangu, akauliza hii neno QUARTZ ni nini. Nilisema ni jina ya patron wa usine, kiwanda ya saa. Akasema hapana, Kambo, ni jina ya libwe ingine, inatetemeka mule ndani, njo inahesabu dakika.

Hii saa nilibadilisha pile yake mara kumi na moja. Mara kumi na moja niliifungua. Sikuiona.

Minyi bado ni fundi. Lakini Mama Francine aliuliza mara mbili, na mwenye alijibu mara mbili ni minyi. Mumutoshe, mumufungulie. Nafasi yake mu cachot, mahabusu yenu, nitaikaa.

Hii yote imetoka mu kinywa yangu, hakuna kinywa ingine ndani yake.

Sahihi: KABWE

Maandishi ya Inspekta: Nimeandika kama anavyosema, na nimemsomea. Ameomba neno "Piga" lipigiwe mstari, nimepiga. Maelezo yamefungwa saa tisa na dakika arobaini, kwa saa ya simu yangu. Nilipomwuliza shahidi ni saa ngapi, alifunika saa yake kwa kiganja.