Rangi Nyekundu Kwenye Tovuti ya Washonaji

Kamembe, Rusizi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, Alhamdulillah, ni magoti tu yanayonilaumu kwa vilima vya huku. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakuficha chumvi? Mwache akufiche.

Nilikuambia ushirika wa washonaji wa hapa umenipa kazi ya kuwatengenezea tovuti, wateja waone nguo kwenye simu hata wakiwa Bukavu. Ukanijibu, "Wakiikataa, rudi Ujiji, hiyo si kazi." Basi sikia: nusura waikatae!

Juu ya tovuti kuna menyu: Vitenge, Mashati, Nguo za Harusi, Oda. Mwanzoni maneno yote yalifanana, akina mama wakapotea. Mtu anatazama mashati, anadhani bado yuko kwenye vitenge. Nikasema ah, hilo dogo. Nikafanya sehemu aliyofungua mtu igeuke nyekundu, ajue yuko wapi. Nikajiona fundi kweli kweli.

Siku ya kuwaonyesha, mwenyekiti wao, Maman Zubeda, akabonyeza Nguo za Harusi. Jina likawa jekundu, akatoka haraka. Akabonyeza Mashati, akatoka. Wenzake vivyo hivyo. Mwisho akanirudishia simu: "Binti, humu hamuna kitu ya kuuza. Kila fasi nagusa, iko ya benyewe." Fasi kwao ni mahali.

Nilitaka kulia, Baba, sikufichi. Nikabaki nimesimama pale dukani kwao nikitazama nguo zilizotundikwa. Ndipo nikaona: zilizokwisha kununuliwa zote zina uzi mwekundu kwenye kola. Kwao uzi huo maana yake usiguse, ina mwenyewe. Mwaka mzima napita chini ya nguo zile, sijawahi kuuliza!

Sikubishana nao. Nikamuuliza, "Maman, nguo unayoishona sasa hivi unaijuaje kati ya zote hizi?" Akanicheka. "Si ile nimeweka metre juu yake?" Kumbe kila fundi huilaza futi yake ya njano ya kupimia juu ya nguo anayoishughulikia. Nikaenda nikafuta wekundu wote. Sasa ukifungua sehemu, jina lake linakolea na chini yake unatokea mstari mnene wa njano.

Kesho yake akabonyeza Mashati, akaweka kidole kwenye mstari. "Minaona. Niko kwa mashati." Akaizunguka menyu nzima bila kuniuliza neno, halafu akawageukia wenzake: "Uyu mutoto haende fasi. Atabaki na sisi." Wakapiga vigelegele, nami nikapiga vyangu.

Nisalimie Mama, shangazi anayeuza dagaa, na kaka Hamisi fundi baiskeli. Na mdogo wangu Rehema, anayebanana na Bibi kitanda kimoja, mwambie ahamie chumbani kwangu, na nguo zake zote. Nikija sikukuu nitalala kwenye mkeka wa wageni.

Binti yako asiyekubali kushindwa,
Mwajuma