Jeraha la Jumanne

Chumba cha tiba, uwanjani
Jumatano asubuhi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeketi uani, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si kwamba unazunguka mtaani ukimtangazia kila mtu kuwa umepona. Uvimbe umeshuka? Vidonge unameza vyote, au vile vikubwa bado unavitema mtu akigeuka? Mama naye namsalimu kwa heshima. Sweta alilonifumia limenikaa vizuri, mikono tu ndiyo imezidi, nami nimeikunja.

Huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula, wanagombana, na wakikumbuka wanasoma. Asiye na raha ni mimi. Tangu nimefika kazini nimepanga bandeji kabatini, nimezipangua, nimezipanga tena. Nimefuta kitanda cha kukandia wachezaji, na leo hakuna hata mmoja aliyekilalia. Barua hii nimeianza mara mbili na kuichana mara mbili. Ningekupigia simu, lakini nakujua Baba, ungenikatiza kabla sijafika popote. Binamu anasafiri kuja huko mchana huu, nitampa akuletee mkononi.

Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Najua unajua. Uliponipigia Jumapili, afya yangu uliiuliza kwa dakika moja, kisha tukazungumza dakika ishirini nzima kuhusu Komeo. Nakuelewa, huyo kipa wetu kila mtu anampenda, na jina hilo mashabiki hawakumpa bure, maana akisimama golini ni kama mlango umetiwa komeo. Ulisema klabu imwache acheze, mambo ya mtu na mkewe yaishie chumbani kwao, na kwamba mwanamke yule bila shaka ametumwa na watani wetu. Nikakujibu ndiyo Baba. Simu ilipokatika nilikaa sakafuni muda mrefu kiasi kwamba mwanangu wa mwisho aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Sasa nikueleze niliyoyaona mimi, maana redio inasema yake.

Wiki saba zilizopita, mke wa Komeo alivunjwa taya. Yeye ni fundi cherehani, ana chumba kidogo cha kushonea nyuma ya kituo cha basi, mwembamba, mpole, mtu wa kusalimia hata asiowafahamu. Anasema ilikuwa Jumatatu jioni, mumewe alimpiga ngumi kwa sababu ya shati ambalo halijapigwa pasi, na ngumi hiyo hiyo ikamvunja mumewe mkono. Alienda kwa dada yake, akafungwa nyaya mdomoni, akaishi kwa uji na mrija mwezi mzima. Alipoanza kuweza kusema, alikwenda polisi, kisha akaja klabuni na barua. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alitaka klabu ijue mchezaji wake amefanya nini.

Klabu ilijibu kwa tangazo. Ilisema kipa aliumia mkono Jumanne, mazoezini, kwa kugonga mlingoti wa goli, na kwamba habari ya Jumatatu ni uzushi wa watu wanaotaka kuivuruga timu kuelekea fainali. Chini ya tangazo wakabandika picha ya ukurasa wa kitabu cha majeruhi. Kitabu hicho ninakitunza mimi, Baba. Tarehe ipo, maelezo yapo, sahihi yangu ipo. Nitafika huko, usinisukume.

Tangu siku hiyo mwanamke yule hana amani. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao hata kabla havijakatwa. Mtu amemwandikia neno MWONGO mlangoni kwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka kwa sabuni. Akipita kituoni, makondakta wanamwimbia jina la mumewe. Na polisi nao wamemwambia kesi yake imekuwa nyepesi, kwa sababu klabu ina maandishi na yeye ana mdomo tu.

Ofisini tumekuwa na vikao hadi viti vimechoka. Usidhani mwenyekiti ni mtu mbaya. Ndiye aliyenipa ruhusa ya wiki mbili mwanangu alipolazwa, na kila asubuhi ananiuliza habari zake. Lakini alituambia kwamba sisi ni klabu ya mpira, si mahakama, tukianza kuchungulia vyumba vya wachezaji hatutabaki na timu, na tukimwacha Komeo leo, kesho atavaa jezi ya watani. Kocha alisema yeye pia ana binti na jambo hili limemuuma sana. Pumzi haijamtoka sawasawa akaniuliza kama mkono wa Komeo utahimili mashuti ya mbali.

Nilitaka kuwakumbusha beki wetu wa akiba. Unamkumbuka? Mwaka jana alihudhuria harusi ya shemeji yake, akapigwa picha amevaa jezi ya watani kwa utani wa ukweni. Klabu hii hii isiyochungulia vyumba ilimsimamisha mwezi mzima na kumwombesha radhi mbele ya mashabiki. Kwa hiyo kuadhibu tunajua, tena vizuri. Ni suala la kinachotuuma. Nilitaka kusema hivyo, badala yake nikaomba chumvi ya kutia kwenye maji ya kuloweka miguu.

Juzi mwanamke huyo alikuja hapa, katika chumba hiki. Mlinzi alimpitisha akidhani ni mgonjwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, hakuvua hata mkoba begani. Aliongea polepole kwa sababu taya bado halifunguki lote. Alisema hakuja kuomba mumewe afukuzwe, hilo ni la klabu na yeye hajui sheria za mpira. Wakimfungia, sawa, wakimpeleka kwa mtu wa kumfundisha kuishi na watu, sawa pia. Anachotaka ni ukurasa ule uondolewe. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akimsafishia viatu, na siku za Jumanne viatu vilivyokuwa vikirudi ni vya kukimbilia, vina vumbi la barabarani, kwa sababu kila Jumanne timu inakimbia barabara ya mlimani tangu asubuhi na haigusi uwanja. Akauliza mlingoti wa goli ulitoka wapi barabarani. Kisha akaniuliza ni nani aliyeandika maneno yale.

Baba, nilimwambia kitabu hujazwa na watu wengi.

Alinitazama, akanishukuru, akaondoka. Sahihi yangu ipo kwenye picha, na jina langu limebandikwa mlangoni pa chumba hiki, amepita chini yake akiingia na akitoka. Alijua. Alinipa nafasi ya kusema mwenyewe nami nikaitupa.

Haya, nimefika. Jumanne ile Komeo alinijia saa moja asubuhi, wenzake wakifunga kamba za viatu nje. Mkono ulikuwa umevimba upande wa kidole cha mwisho, na ngozi ya vifundo imechubuka. Nina miaka kumi na sita katika kazi hii. Mfupa ule wa chini ya kidole cha mwisho hauvunjwi na mlingoti, unavunjwa na ngumi. Sikuwa na haja ya picha ya eksirei. Nilijua amempiga mtu, na alipokataa kunitazama nilijua ni nani.

Kitabu chetu kina safu tatu zilizochapwa: mazoezini, mechini, safarini. Hakuna safu ya nyumbani. Aliyeumia nyumbani tumezoea kumwingiza mazoezini, iwe ameteleza bafuni au ameangukiwa na kabati, na hakuna anayeuliza. Basi nilitia alama mazoezini. Safu ya maelezo ikabaki wazi, na Komeo ameketi kama mtoto aliyevunja sahani. Hakuniomba chochote. Ni mimi niliyefikiri, ni mimi niliyeandika kwamba amegonga mlingoti wa goli akiruka kuokoa mpira. Nikasahau kabisa kwamba siku hiyo hatukuwa na magoli. Kocha, aliyepanga mbio zile kwa mkono wake, ameuona ukurasa huo na hajasema neno. Mwenyekiti pia anaijua ratiba. Uongo wa kitoto namna hiyo umepita mbele ya watu wazima tisa wa kamati, kwa sababu kila mmoja aliuhitaji.

Komeo alisoma nilichoandika, akanigusa bega akasema dada una akili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Muda mfupi tu, lakini nilifurahi, na furaha hiyo haikuwa ngeni kwangu. Nimehangaika nayo wiki hizi zote nikijiuliza niliwahi kuionja wapi. Jumapili ulipotamka kwenye simu kwamba mambo ya mtu na mkewe yaishie chumbani, nikakumbuka.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alivunjika kifundo cha mkono, tukampeleka hospitali, wewe umeshika mkoba wake. Muuguzi alimuuliza Mama kilichotokea. Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi kwamba alikuwa amepanda kigoda akitundika mapazia, kigoda kikateleza. Hakuna aliyenifundisha. Hata mapazia hatukuwa nayo. Muuguzi aliandika, Mama akatazama chini, na tulipotoka nje ulinishika bega Baba, ukasema mtoto huyu ana akili kuliko kaka zake wote. Nilitembea nyumbani kichwa juu. Nilijua vizuri kilichovunja mkono ule, nilikuwa nimesimama mlangoni, na bado nilitembea kichwa juu kwa sababu wewe ulikuwa umenisifu.

Sikuandikii kukuvunjia heshima. Umenilea, umenisomesha, umewapenda wanangu, na tangu mwaka ule sijawahi kukuona ukimnyooshea Mama hata kidole. Nakupenda, na nimekasirika, yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana siwezi kukaa kitini. Lakini hatukuwahi kusema neno moja. Umekuwa baba mwema juu ya jambo ambalo halikutajwa, na Mama amelibeba peke yake.

Sijui klabu imfanye nini mchezaji anayempiga mkewe. Wengine wanasema afukuzwe, wengine asimamishwe hadi kesi iishe, wengine abaki lakini atibiwe hasira zake, na mimi ningependelea asiguse mpira hadi polisi wamalize kazi yao. Waliosoma sheria wabishane. Ila klabu isimtungie uongo. Isimpe kalamu, karatasi, mhuri na muuguzi. Hapo ndipo inapoacha kuwa klabu yenye mchezaji mkosaji na kuwa mshirika wake.

Kesho saa nne kamati inakaa. Wameshaandika maelezo kwamba nathibitisha ukurasa ule, wanataka nitie sahihi yapelekwe polisi. Sitatia. Nitasema nilivyoandika na kwa nini, nitataja vifundo, nitataja barabara ya mlimani, na nikitoka hapo nitakwenda polisi kusema hivyo hivyo. Kisha nitapita kwa fundi cherehani nimwambie usoni ni mwandiko wa nani. Hilo la mwisho ndilo linalonitetemesha kuliko yote. Kazi huenda ikaisha kesho hiyo hiyo, na fainali tukipoteza nitaitwa msaliti hata kwenye redio. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Nina jambo jingine, na hili silo lako Baba. Tangu macho yako yaingie ukungu, najua barua zangu anakusomea Mama.

Mama, shikamoo. Najua umefika hapa na sauti imekukauka, na pengine ile sehemu ya hospitali umeipita haraka ukasema mwandiko wangu hausomeki. Mwandiko wangu unasomeka. Tafadhali rudi uisome yote, usiruke hata neno. Ukimaliza, iweke karatasi kando umweleze mwenyewe siku ile ilikuwaje, kwa maneno yako, kwa muda utakaopenda, naye asikilize. Muuguzi alikuuliza wewe, nami nikakujibia ukiwa na mdomo wako. Nisamehe Mama. Nafasi yako ya kujibu ni hii.

Wasalimieni kaka zangu na jirani wa mlango wa pili. Wajukuu wanawabusu mikono. Mguu usishushwe kigodani.

Ni mimi binti yenu,
muuguzi wa timu, angalau hadi kesho saa nne