Propela Chini ya Kitanda

Mtaa wa Lindi, Jumamosi usiku

Nimeiba. Propela ya ndege ya Bwana Karanja iko chini ya kitanda changu, nimeifunga na blanketi.

Ile ndege tuliijenga wenyewe kwa gereji yake Kawangware. Mkia niliuchomelea mimi, nikaongeza vyuma kwa sababu alitaka uwe imara. Juzi rubani wa kuijaribu alipunguza mwendo huko juu, bawa moja likainama ghafla, ndege ikashuka ikizunguka. Alipona kwa bahati tu. Alituambia, "Mkia ni mzito. Ikizunguka tena, haitoki mpaka ianguke chini."

Leo nimemwomba Karanja tukate vile vyuma kwanza. Akacheka. "Wewe ni fundi wa mageti. Kesho naruka na Wambui."

Wambui ni binti yake. Ana miaka tisa.

Alipoondoka uwanjani ndege inapoegeshwa, nikafungua bolti za propela.

Mke wangu analia. "Baba Otieno, wakikushika watoto watakula nini?"

Kazi yangu kwa Karanja imeisha, na asubuhi polisi wanaweza kuja. Naogopa. Lakini kesho hakuna mtu ataruka na ule mkia wangu.