Funguo Mpya za Kigitaa cha Sabra

Chuno, Mtwara

Baba Sabra,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, ila mdogo anaota meno na mimi silali. Mama yako katuletea ming'oko, vile viazi vya porini, kutoka Mpapura, anakusalimu sana. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Ile ukulele, kigitaa ulichomtumia Sabra ukasema umekinunua kipya dukani huko Tanga, funguo zake za kukazia nyuzi zilikuwa zinateleza. Akikaza, punde nyuzi zimelegea. Nikatafuta funguo nyingine nne, nikampelekea fundi Mussa.

Alipozifungua zile za zamani akanitazama. "Shemeji, nyuzi hizi zilipangwa kwa mtu wa mashoto. Nani kwenu mashoto?"

"Baba yake. Lakini yeye hata debe hajui kupiga."

Akacheka. Mimi sikucheka. Sabra anatumia mkono wa kulia, unajua. Tena shingoni mwa kigitaa kuna vidoa vya rangi ya kucha, vya kumwonyesha mtoto pa kuweka vidole. Duka gani linapaka hivyo?

Fundi kageuza nyuzi, funguo mpya zinashika, Sabra anafurahi. Vidoa sijavifuta.

Sikugombezi, mume wangu. Nijibu mimi kabla hujaongea na mtoto. Kama huko una mtoto wa mashoto aliyenyang'anywa kigitaa chake, sema, nitakirudisha mwenyewe. Sabra wangu hatajifunza kupiga huku ndugu yake analia.

Mkeo,
Nasra