Chuo cha Juu ya Duka la Samani

Langley Park, Maryland
9 Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Wewe je, na presha? Kwa kuwa siku hizi masikio yako hayaisikii simu, nakuandikia ujumbe humo humo kwenye simu ujisomee mwenyewe kwa nafasi yako.

Jana nimehitimu, Baba! Shahada ya mitandao ya kompyuta. Chuo chenyewe ni cha mtu binafsi, kipo ghorofani juu ya duka la samani, lakini joho ni joho; picha hiyo hapo. Bwana aliyeniandikisha alisema wahitimu wao hawamalizi mwezi bila kazi. Kwa sasa bado naogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia kule Lanham. Nivumilie kidogo tu.

Mwanao,
Tasnim

Tanga
11 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba tena. Presha imeshuka kwa ajili ya picha yako. Miaka thelathini nimepanda nguzo za simu bila cheti cha maana, leo mwanangu ana shahada! Nimeipeleka picha barazani, imezunguka mikononi mpaka kahawa ikapoa. Ukipata kazi niambie siku hiyo hiyo. Unakula?

Babako

Langley Park
2 Septemba 2024

Shikamoo Baba. Huku salama. Kazi nimepata, ya kompyuta, ofisini. Nina haraka kidogo. Wasalimie wote.

Mwanao,
Tasnim

Tanga
5 Septemba 2024

Binti yangu,

Hujambo? Alhamdulillahi! Lakini mbona barua fupi kama risiti? Hebu nieleze: waya unavuta wewe au wapo mafundi? Mitambo mnaiweka chumba gani? Fundi mstaafu anataka kujua.

Jambo jingine. Jirani yetu Sheikhan amesikia habari zako, sasa anataka kumleta huko binti yake Ummu asome chuo hicho hicho. Ameanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha Pongwe. Anaomba ushauri wako.

Babako

Tanga
20 Novemba 2024

Tasnim, hujambo mwanangu? Naona tiki za bluu, kwa hiyo unasoma. Mnunuzi wa kiwanja amepatikana, anakuja Ijumaa. Sheikhan anasubiri neno lako. Mimi nakusubiri wewe tu.

Babako

Langley Park
21 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naona haya kukuuliza afya wakati mimi ndiye ninayekukosesha raha. Mwambie Sheikhan asiuze. Tafadhali, leo leo.

Sina kazi ya kompyuta. Nilikudanganya. Nimeomba kazi mara themanini na tatu. Mahali pamoja nilipoitwa, mama mmoja alitazama karatasi zangu akauliza, "Chuo hiki kiko wapi?" Nikaenda chuo cha serikali ili niendelee na masomo, wakakubali masomo mawili tu kati ya yote niliyosoma. Zile habari za kupata kazi ndani ya mwezi zilikuwa za kunivutia nijiandikishe. Kila nikikumbuka ulivyoitembeza ile picha, vidole vinagoma kuandika.

Lakini si kwamba yote yalikuwa bure. Mwalimu wetu mmoja, Phineas, Mkenya, alitufundisha kwelikweli. Jumapili ananikaribisha kanisani kwao, wanatengeneza kompyuta kuukuu za kuwagawia wanafunzi. Naenda na hijabu yangu, wananipa chai na bisibisi.

Nisamehe.

Mwanao,
Tasnim

Tanga
23 Novemba 2024

Binti yangu,

Hujambo? Mimi jana nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu Septemba. Nilishahisi. Mtu anayevuta waya hawezi kunyamaza kuhusu waya.

Sheikhan nilimwahi kabla mnunuzi hajafika. Kiwanja kipo. Kisha nikaenda barazani nikawaambia, "Tasnim hajapata kazi ya kompyuta. Nilisema amepata, haikuwa kweli." Mmoja akasema, "Mungu atampa," tukaagiza kahawa. Aibu hiyo imeshapita kwangu, usiibebe tena. Wewe shika bisibisi.

Nimekusamehe kabla hujaomba.

Babako

Langley Park
14 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Safari hii ni kweli, na picha ya kitambulisho cha kazi nimeiambatisha.

Nimeanza Jumatatu katika zahanati moja kubwa huko Germantown. Wafanyakazi kompyuta zikiwasumbua, wanatupigia sisi. Mwalimu Phineas ndiye aliyenitaja kwao. Fomu yao ilidai shahada, nikaweka alama. Shahada yenyewe ilinifaa hapo tu. Siku ya usaili hakuna aliyeuliza chuo. Walinipa kompyuta iliyogoma na mtu mwenye hasira kwenye simu. Ya kompyuta nilijifunza kwa Phineas. Ya hasira nimefundishwa na wazee wa Lanham.

Mwambie Ummu asome, ila kwanza awaombe majina na simu za waliohitimu, awapigie mwenyewe. Na aulize kama vyuo vingine vinayakubali masomo yao. Mimi sikuuliza.

Leo nimepigiwa simu tatu. Mbili nilizimaliza. Ya tatu, ya daktari mmoja, ilinishinda. Zamani ningebuni jibu. Nikamwambia yule daktari, "Sijui. Naomba dakika nimuulize mwenzangu." Kumbe bosi wangu, Audrey, alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Nikajua nimekwisha. Akavuta kiti, akaketi, tukatafuta pamoja mpaka tatizo likaonekana.

Nimesema sijui, Baba, na kesho saa mbili asubuhi nina zamu.

Mwanao,
Tasnim