Wifi Yangu Wanayemwita Gogo

Jumanne, 9 Septemba

Na bado nasema hakuna mwanaume kama Rashidi wangu. Wiki ya tano ya ndoa, na leo tena ameniletea chai kitandani, tangawizi tele. Nampenda mpaka naona haya.

Kisha kelele uani. Jana jioni Mama mkwe alimtuma wifi yangu Zaina, yuko kidato cha kwanza, akazibe ndiva, lile bwawa la kumwagilia, maji yajae kwa zamu yetu ya leo. Njiani akamwona kinyonga. Akamfuata. Ndiva ikabaki wazi, maji yote bondeni. Kabichi zitangoja zamu nyingine, na zimeshalegea.

Mama amemwita gogo mbele ya majirani. Nimeimwaga chai iliyobaki.

Alhamisi, 11 Septemba

Jirani mmoja kapita akasema kichwa cha Zaina ni chekecheke. Wakacheka. Mama akacheka. Zaina naye akacheka, asionekane analia. Kinyaa. Bada yangu, ugali wa muhogo, nimeisukuma kando.

Mama ameamua: shule basi. Jumamosi Zaina anapelekwa Mgwashi kwa shangazi yao, akalime na kulea watoto. Rashidi alikuwepo, anamenya muwa. Akaendelea kutafuna. Midomo ile ile ninayoibusu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuweza kukaa. Mdogo wangu wa kiume kule kwetu Gare alikuwa akiruka juu ya madawati, walimu wakamwita Baba, akapelekwa hospitali, akasaidiwa. Zaina haruki. Anatazama dirishani. Kwa hiyo yeye, wanasema, ni mvivu.

Nimeaga naenda sokoni Lushoto, nikaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. Hali ya mdogo wangu inaitwa ADHD, akasema, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na wasichana wanayo pia. Wengi wao hawaruki. Wanazama mawazoni, wanasahau, wanapoteza vitu, na kwa kuwa hawasumbui darasa, hakuna anayewaona. Si uvivu wala laana. Ila hawezi kusema Zaina anayo bila kumwona. Nimlete.

Nimerudi mbio. Zaina hayupo. Mama amempakia kwenye lori la mboga asubuhi, siku moja kabla. Hata sare ameiacha kambani. Nyumba hii inaninukia vibaya.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesema. Bibi harusi mpya, mbele ya mkwe wake, Rashidi akisikia.

"Shikamoo Mama. Zaina si gogo. Apimwe."

Nilingoja kofi. Mama akaninyooshea pindo la kanga yake. Mafundo matupu, kila fundo jambo asilisahau. Akashika moja, hakumbuki ni la nini.

"Mimi nilipigwa kwa hayo hayo mpaka nikaolewa. Nani alinipima?"

Kinyaa hakijaondoka. Ila si kwake tena.

Alhamisi, 18 Septemba

Ukungu tangu asubuhi. Kabichi nusu zimepona.

Rashidi amempigia shangazi simu. Hakuomba. Amesema mdogo wake anarudi shule, na hospitali atampeleka yeye. Nimempenda upya. Mama hakupinga. Baadaye, akichambua mboga, ameniuliza polepole kama yule daktari hupokea na watu wazima. Nimesema nadhani ndiyo.

Zaina alipewa simu. Aliuliza jambo moja tu, kama bado tumemkasirikia. Nimemwambia hapana, na kwamba kabla mwezi huu haujaisha mimi na kaka yake tutakuja Mgwashi kumchukua.